Simba Juu ya Barafu

Mtu aliyewagandishia watoto wetu matunda alichukia baridi kuliko mtu yeyote niliyewahi kumfahamu. Alivaa masweta mawili, la ndani la kijivu na la nje la rangi ya boga, akajitanda mtandio, na juu ya mtandio akaongeza kanga. Mwezi wa saba, ukungu unaposhuka huku kwetu upande wa Maretadu mpaka humwoni ng'ombe wa jirani, alitoka nje mikono ikiwa kwapani akatuambia kwamba sisi si watu, sisi ni viazi, kwa sababu ni viazi tu vinavyofurahia ardhi ya namna hii. Tulicheka. Alitutukana kwa upole miaka mingi na hakuna aliyemkasirikia.

Tulimwita Nesi. Jina lake nalijua, lakini sikuwahi kulitumia akiwa hai na sioni sababu ya kuanza sasa. Kuhusu alikotoka alisema "kwetu ni joto" akaishia hapo. Huko kwenye joto ndiko ndugu zake walikomrudisha alipofariki, na kaburi lake sijaliona. Ndiyo maana naandika. Hapa kijijini wapo ambao bado wanaikumbuka ile Ijumaa watoto walipougua kwa barafu zake, na wapo wanaoisimulia mpaka leo kama kosa lake. Halikuwa kosa lake. Nitafika huko.

Alifanya kazi kwenye zahanati yetu mpaka akastaafu. Tulidhani atafunga mizigo siku ileile aondoke. Badala yake alipanga vyumba viwili karibu na shule, akaleta friza ya kifuniko cha juu, ya mtumba, yenye kutu miguuni. Alisema ameshazoea kulalamikia baridi yetu, na kwao hakutakuwa na cha kulalamikia.

Friza ile ilitushangaza sote. Mzee mmoja jirani yake, ambaye shamba lake la mahindi liliwahi kupigwa na mvua ya mawe mpaka yakabaki mabua, alisimama mlangoni na fimbo yake. Nesi alimwamkia. Mzee aliitikia marahaba, akachungulia ndani, akasema, "Mwanangu, sisi tunaomba kanisani mawe yasianguke. Wewe unayapika ndani?"

"Nayapika, baba. Yakiiva nitakuita."

Na alimwita kweli. Mzee alipewa barafu ya pasheni, akailamba akiwa amefumba jicho moja, akasema meno yake yamebaki manne na sasa yote yanamlaumu. Lakini aliimaliza.

Sababu ya friza ilikuwa pale getini kwa shule. Watoto walinunua barafu za maji ya rangi, ndimi zikawa nyekundu mpaka jioni, na hakuna aliyejua maji yale yalichotwa wapi. Nesi alikuwa ametundikia watoto dripu kwa miaka mingi, na alikuwa amechoka kuwaona wale wale. Hakumfukuza muuzaji, wala hakwenda kumshtaki kwa mwenyekiti. Alisema mtoto humwambii aache kitamu ukamwacha mikono mitupu. Unampa kitamu kingine kisha unanyamaza.

Mimi niliingia kwake kwa mlango wa shida. Binti yangu Neema alikuwa na miaka minne, alipata homa, na homa ilipoondoka ikamwachia vidonda mdomoni. Siku tatu alikataa uji, alikataa maziwa, alikataa hata maji, akinitazama tu. Nesi aliponda papai na ndizi mbivu zilizokwisha ganda, akachota kwa ncha ya kijiko. Neema alilamba, akalia, akalamba tena. Alipofika kijiko cha sita alishika kijiko mwenyewe. Nesi hakusema lolote kwangu isipokuwa kwamba nikirudi nilete ndizi, maana Neema ameshakula akiba. Nilirudi na ndizi, na sikuacha kurudi.

Kazi yenyewe haikuwa kubwa, lakini yeye aliifanya kama kazi ya wodi. Jumatano tuliandaa, Ijumaa saa sita mchana watoto wa chekechea waligawiwa. Tulichemsha maji na kuyaacha yapoe yakiwa yamefunikwa. Tulichemsha maziwa ya ng'ombe wangu, tukayagandisha kuwa mtindi. Papai tulilimenya, tukatoa mbegu zote, tukaliponda na ndizi iliyokwisha pata madoa meusi, tukachanganya na mtindi, tukajaza vikombe vidogo na kuchomeka vijiti tulivyochemsha. Pasheni tulizikamua na kuchuja. Sukari haikuingia. Mimi mwanzoni niliomba iingie kidogo, kwa sababu pasheni za kwetu ni chachu. Alinionyesha ndizi ambayo bado ilikuwa na kijani shingoni, akasema, "Ndizi hii haijachelewa. Wewe ndiye una haraka." Tukasubiri siku mbili, na utamu ukaja wenyewe.

Kuna walioogopa kifua. Huku kwetu mama anayempa mtoto kitu cha baridi anaonekana kama anamwitia kichomi. Nesi aliwaeleza kwamba kichomi ni ugonjwa, hakipandi kwenye kijiko cha papai. Aliyasema hayo akiwa na masweta mawili na kikombe cha chai ya moto mkononi, na akina mama walimtazama yeye, wakatazama kikombe, wakatazamana. Yeye mwenyewe hakunywa maji ya mtungini bila kuyapasha. Nilipomwambia kwamba watu wanaliona hilo, alisema yeye ni mzee na hana budi kuogopa kitu fulani. Hata hivyo mwezi wa sita na wa saba aliizima friza, akawapa watoto uji wa moto wenye ndizi ndani. Alisema hakuna haja ya kushinda kila ubishi.

Jambo jingine lililopingana na maneno yake ni chai. Mtu aliyekataa nusu kijiko cha sukari kwenye ndoo nzima ya pasheni aliweka vijiko vinne kwenye kikombe chake, akikigeuzia mgongo mlango. Siku moja watoto walimkuta. Neema, ambaye wakati huo alikuwa ameanza darasa la kwanza na mdomo umepona kupita kiasi, alimwamkia vizuri, shikamoo Nesi, kisha akauliza kile kinachoingia kwenye kikombe ni nini.

"Marahaba. Hiyo ni dawa ya wastaafu."

"Unakunywa mara ngapi?"

"Mpaka niambiwe niache na mtu aliyesoma kunizidi."

Neema alisema basi atasoma. Nesi alisimulia hilo kwa kila aliyepita wiki ile.

Ubuyu aliuagiza Yaeda Chini. Kulikuwa na mama mmoja wa huko aliyepanda mnadani na gunia la ubuyu na dumu la asali, na Nesi alimsubiri kama anayesubiri mgeni wa harusi. Ubuyu tuliuloweka kwenye maji yaliyochemshwa, tukauchuja mara mbili ili mbegu na nyuzi zisimkabe mtoto, tukauchanganya na ndizi. Ulitoka mzito, mweupe kama maziwa, na ndio uliopendwa kuliko vyote. Asali aliiweka kabatini. Mama mmoja kijana aliwahi kuja akijisifu kwamba amempaka mwanawe wa miezi mitano asali mdomoni ili apate nguvu. Nesi alisimama, akamchukua mtoto, akamtazama macho na mdomo na kucha, akamrudisha. Akamwambia mtoto ambaye hajatimiza mwaka hapewi asali, hata ikishushwa na malaika. Baada ya hapo alimpa yule mama chai, akamwekea vijiko vinne.

Alikuwa Mwislamu peke yake kwenye mtaa wetu. Mwezi wa Ramadhani ukikutana na Jumatano zetu hakuweza kuonja, akaniambia nionje mimi. Nilikuwa nasema imezidi uchachu, au imepungua ndizi, na yeye anaongeza bila kubisha. Mwezi mzima ulimi wangu ulifanya kazi badala ya wake. Nataja hili kwa sababu watu wanadhani aliniamini kwa kuwa nilikuwa karibu. Aliniamini kwa kuwa nilionja na kusema kweli.

Sasa nisimulie simba.

Umeme wa kwetu unakatika. Unaweza kukatika ukiwa shambani, ukarudi kabla hujarudi wewe, na ukifungua friza unakuta kila kitu kimeganda kama ulivyokiacha. Hujui kwamba katikati kiliyeyuka, kikakaa na joto nusu siku, kikaganda tena. Maziwa yaliyoyeyuka yakaganda tena yanaonekana safi na yanaweza kumlaza mtoto. Kwa hiyo Nesi aliweka ndani ya friza kikombe cha bati, kile kilichonyooka kuanzia juu mpaka chini, chenye maji. Maji yakishaganda, juu yake aliweka sarafu ya mia mbili, upande wenye simba ukitazama juu. Barafu ikiyeyuka, sarafu inazama. Maji yakiganda tena, sarafu inabaki chini, na hakuna umeme unaoweza kuipandisha. Kila tulipofungua friza, kitu cha kwanza kilikuwa kuuliza simba yuko wapi. Akiwa juu, tunagawa. Akiwa chini, tunamwaga vyote kwenye migomba, hata kama ni ndoo mbili, hata kama watoto wamepanga foleni.

Tulimwaga mara nyingi kuliko ambavyo ningependa kukumbuka. Mimi moyo uliniuma kila mara. Papai lile wazazi walilitoa, maziwa yalikuwa ya ng'ombe wangu, na nyumbani kwetu nimefundishwa kwamba chakula hakimwagwi. Yeye hakuwahi hata kupumua kwa nguvu. Alimwaga, akaosha vikombe, akaanza upya.

Wiki moja alikwenda Babati kwa ajili ya miwani. Ilikuwa mara ya kwanza kuniachia funguo. Jumatano niliandaa peke yangu, mtindi na papai, vikombe vingi kuliko kawaida, kwa sababu nilitaka akirudi aambiwe. Alhamisi nilikuwa napalilia maharage. Ijumaa asubuhi nilifungua friza, vikombe vyote vilikuwa vigumu kama jiwe. Nikatazama kikombe cha bati. Simba alikuwa chini, anaonekana kwa mbali kupitia kwenye barafu, kama kitu kilichoangukia kisimani.

Nilikichovya kikombe kwenye maji ya moto, barafu ikateleza ikatoka nzima, nikaigeuza juu chini na kuirudisha. Sarafu sasa ilikuwa juu. Lakini ilikuwa imegeuka pamoja na barafu. Simba alitazama chini, na juu kulikuwa na sura ya mtu, inanitazama.

Hapo ningeweza kuacha. Nimelifikiria sana jambo hilo. Kama nilidanganywa na shetani mara ya kwanza, mara ya pili nilikuwa peke yangu. Nilichukua kisu, nikaibandua sarafu, nikaifuta kwa kanga, nikaiweka tena simba akitazama juu. Saa sita nikagawa.

Watoto tisa waliharisha na kutapika, kuanzia jioni ile. Neema alikuwa mmojawao, na hilo lilinificha, kwa sababu nani angedhani mama atampa mwanawe kitu anachokitilia shaka? Nilimpa kwa sababu sikutaka kuamini nilichokiona. Mtoto wa Mama Tumaini, nyumba ya tatu kutoka kwangu, alilazwa zahanati siku mbili na dripu. Wote walipona. Nasema hivyo ili msomaji asikae na hofu, siyo ili kosa lipungue.

Nesi alirudi Jumamosi na miwani mipya. Kabla hajaketi aliniuliza simba alikuwa wapi. Nikamjibu, "Juu." Na kweli alikuwa juu. Nilimpandisha mwenyewe.

Mwenyekiti aliitisha wazazi. Yalisemwa mengi. Palisemwa kwamba mtu wa joto hajui miili ya watu wa baridi, palisemwa kwamba kizee anajifurahisha kwa matumbo ya watoto wa wenzake. Nesi alisimama na masweta yake akasema maneno machache: "Barafu imetoka kwangu. Kosa litafutwe kwangu." Kugawa kukasimamishwa. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi la nyuma, nimempakata Neema.

Nilinyamaza wiki tatu. Katika wiki hizo nilimsaidia Mama Tumaini kufua, nikamchotea maji, na yeye akanishukuru. Kwa Nesi nilikwenda kila siku, nikamkuta anatafuta kosa. Alichemsha vikombe vilivyokwisha chemshwa. Alitoa mpira wa kifuniko cha friza, akausugua, akaurudisha. Alichukua maji ya bomba kwenye chupa akayapeleka zahanati yatazamwe. Alikuwa anatafuta ndani ya nyumba yake kitu ambacho mimi nilikuwa nacho kifuani.

Siku moja mchana nilimkuta ameketi jikoni, mikono ameinyoosha juu ya meza. Hakuwa anafanya chochote. Alisema friza itachukuliwa Jumatatu, amempata mtu wa Dongobesh anayeihitaji kwa duka la soda. Kisha akaniambia, "Mama Neema, hebu ninuse mikono. Labda siku hizi sinusi vizuri. Mtu akizeeka huwa pua inatangulia."

Nilimnusa mikono. Ilinukia sabuni na papai. Nikasema, "Nesi, simba alizama."

Alidhani namwambia habari ya siku hiyohiyo. Akaanza kuinuka kwenda kwenye friza.

"Siyo leo. Ile Ijumaa. Alizama, nikaigeuza barafu."

Alirudi kuketi. Aliniomba nieleze, nikaeleza, mpaka habari ya kisu na kanga. Hakunikatiza. Nilipomaliza alivuta mikono yake taratibu kutoka mezani, akaiingiza ndani ya kanga, akasema, "Haya si ya kuambiwa mimi peke yangu."

Nilikwenda kwa mwenyekiti jioni ileile, na Jumapili, baada ya ibada, wazazi walikutana tena. Nilisimama nikasema kama ninavyosema hapa. Sikuwa na maneno mazuri. Mama Tumaini akasema bila kuinua sauti, "Kwa hiyo nguo za mwanangu ulikuwa unazifua wewe, kumbe ni wewe."

Yeye hakumruhusu mwanawe kula barafu zetu tena, na haki ilikuwa yake. Wengine walisema sasa imejulikana, Nesi aendelee, lakini yule asishike kikombe. Nesi alisema ataendelea, na kuhusu nani ashike kikombe ataamua yeye.

Friza haikwenda Dongobesh. Lakini wiki mbili hakunisemesha zaidi ya marahaba. Wiki ya tatu alimtuma Neema aniambie Jumatano nilete papai, na nije mapema, kwa sababu hawezi kuchemsha maziwa na kumenya kwa wakati mmoja kama pweza. Sisi huku hatujui pweza vizuri. Neema alifika akasema Nesi anataka papai na kitu kingine cha baharini.

Tangu siku hiyo aliongeza utaratibu. Kila Ijumaa kikombe cha bati kilitolewa nje kabla ya kitu kingine chochote, kikapitishwa mbele ya watoto, na wao wenyewe ndio waliotazama. Aliuliza simba yuko wapi, na watoto wa chekechea wakajibu kwa sauti moja. Siku alizokuwa chini walitazama tukimwaga, baadhi wakalia, na Nesi hakuwabembeleza. Aliwaambia warudi Ijumaa ijayo.

Kuhusu kosa langu alinisemesha mara moja tu, miezi mingi baadaye, tukiwa tunachuja ubuyu. Alisema, bila kunitazama, kwamba kumpandisha simba anaweza kunielewa, watu huogopa. "Ila uliniacha ninuse mikono yangu wiki tatu." Kisha akaniambia nishike kichujio vizuri, nyuzi zinapita.

Mwaka uliopita alianza kushindwa kumeza. Alijitibu mwenyewe kwa muda, akinywa chai yake iliyopoa, jambo ambalo lilitutisha kuliko kukonda kwake. Alipelekwa hospitali kubwa, akarudi na karatasi ambazo alizisoma mwenyewe na hakuhitaji kuelezwa. Mtoto wa kaka yake, mwalimu aliyepangiwa kazi Dirma, wilaya ya Hanang, alikuja kumchukua akae naye. Nesi aliniachia friza, kikombe cha bati na sarafu. Hakutoa hotuba. Alisema mpira wa kifuniko umeanza kulegea.

Baada ya mwezi mwalimu alinipigia simu. Alisema shangazi hali chochote, mdomo na koo vimejaa vidonda, na jana ameomba kitu kimoja: ile ya pasheni na ndizi. Dirma kwake hakukuwa na friza.

Niligandisha. Nilipanga vikombe kwenye hotipoti kubwa, kile cha bati kikiwa juu kabisa, nikaifunga kwa kanga mbili na blanketi la Neema. Niliondoka alfajiri kwa bodaboda, nikapata gari. Gari likakwama kwenye tope, tukashuka, tukasukuma, tukasubiri trekta. Jua lilikuwa limepanda sana nilipofika. Mwalimu alinipokea uani, akaniambia shangazi amesinzia. Nikafungua hotipoti palepale kwenye benchi.

Simba alikuwa chini, kwenye maji.

Mwalimu alitia kidole kwenye kikombe kimojawapo. Alisema bado ni ya baridi, na kuna duka hapo mbele lenye friza, tukiiweka saa mbili tatu itaganda, shangazi akiamka ataikuta. Alisema kwa nia njema kabisa. Alikuwa ameona mtu anayempenda akikataa chakula kwa siku nyingi. Mimi niliifahamu hali hiyo. Niliwahi kusimama palepale na kikombe kilekile.

Nikachukua kile kikombe cha bati, nikaingia nacho ndani. Nesi alikuwa ameamka. Hakuwa na sweta. Dirma kuna joto kidogo, au labda hakuwa tena na nguvu ya kusikia baridi. Nilimwamkia. Akaitikia kwa macho. Kisha akatazama kikombe, akanitazama.

"Amezama, Nesi," nilisema. "Gari lilikwama. Sijui ni tangu saa ngapi."

Nilidhani atalia, maana mwenye njaa ya kitu kimoja hulia. Sauti yake ilikuwa imebaki kama ya karatasi. "Zote?"

"Zote."

"Mwaga."

Nilimwaga uani, kwenye mche wa mpapai wa mwalimu, kikombe kimoja kimoja. Mwalimu alinitazama kama mtu asiye na akili. Nikamwambia anionyeshe pa kununua ndizi, zile zenye madoa, na kama kuna mwenye pasheni. Tukapata. Nikachemsha maji, nikaosha, nikaponda, nikachuja mara mbili, nikapeleka kwenye friza ya dukani. Maji ya kikombe cha bati yalipokuwa yameganda niliweka sarafu juu, simba akitazama juu, nikamwambia mwenye duka kwamba akiigusa ile sarafu nitajua. Alicheka akaniuliza kama ni uganga. Nikamwambia ni unesi.

Kesho yake mchana nilikwenda na mwalimu, tukafungua pamoja, yeye akatazama kwanza. Tulitembea haraka kurudi. Nesi alikuwa ameinuliwa kwa mito. Nilikalia ukingo wa kitanda, nikakwangua barafu kwa ncha ya kijiko, kidogo, kama alivyomkwangulia Neema, nikakipeleka karibu na midomo yake. Haikufunguka.

Aliuliza, "Simba yuko wapi?"

Kikombe cha bati nilikuwa nimekiacha kwa mwalimu, nje ya mlango. Nikaanza kuinuka nimletee aone. Akanishika kanga. Alikuwa haulizii kikombe.

Nikaketi. "Yuko juu, Nesi."

Akafungua mdomo.